Karani wa Forodha

Sogeeni karibu. Na wewe wa kule nyuma, zima simu kwanza. Leo sina hadithi ya sungura na fisi. Nina hadithi ya karani.

Mwaka 1926 kijana mmoja wa Tanga alimaliza shule Dar es Salaam. Watahiniwa walikuwa 11, yeye akatoka wa pili. Alikuwa na miaka 17. Mwaka huohuo serikali ya Waingereza iliyokuwa ikitawala Tanganyika ikamwajiri katika Idara ya Forodha, na sehemu kubwa ya utumishi wake huko akaipitisha Pangani, mji ule mkongwe ulioko mto unapoingia baharini.

Jina lake Shaaban Robert. Najua, mmeshaguna. Mnamjua kwa *Kusadikika*, kwa *Adili na Nduguze*, na kwa yale maswali ya mtihani yanayoanza na “Jadili”. Ambalo halisemwi sana darasani ni kwamba mtu huyu, anayeitwa malenga wa malenga, aliamka asubuhi kwenda ofisini kwa miaka 34. Forodha tangu 1926 hadi 1944. Kisha miaka miwili katika idara ya wanyama. Kisha Ofisi ya Wilaya, Tanga, hadi 1952. Kisha Ofisi ya Upimaji, hadi 1960. Mwaka 1962 akafariki, ana miaka 53. Pigeni hesabu wenyewe muone ni muda gani aliishi akiwa mwandishi tu, bila mwajiri.

Ni miaka miwili.

Sasa nielezeni, karani wa forodha hufanya nini? Hamjui, kwa sababu siku hizi mizigo inasomwa na kompyuta. Zamani ilikuwa hivi. Jahazi likishatia nanga, nahodha hushuka na hati ya shehena. Karani huisoma, kisha huutazama mzigo wenyewe, maana hati husema lake na tumbo la jahazi likasema lake. Magunia ya mbata mangapi? Ngozi ngapi? Madebe ya samli yameandikwa kumi, mbona naona kumi na mbili? Huhesabu, hupima kwenye mizani, hutafuta kiwango cha ushuru katika kitabu, hupiga hesabu kwa kalamu, huandika stakabadhi, hugonga muhuri, kisha huingiza kila kitu katika daftari kubwa lenye mistari myekundu. Nahodha anasimama pale ana haraka, upepo unageuka, mabaharia wanapiga kelele, na karani hana ruhusa ya kukosea hata senti. Jioni fedha zilizomo sandukuni lazima zilingane na daftari. Zisipolingana, hesabu inaanza upya.

Kazi ya namna hiyo huwezi kusema mtu aliota kuifanya tangu utotoni. Lakini hebu jaribuni kuwa yeye. Una miaka 17, umesoma kuliko karibu kila mtu wa mtaani kwenu, na kichwani mwako mashairi yanachemka. Mtunzi wa mashairi Tanganyika ya 1926 analipwa na nani? Ukitunga vizuri, shairi lako litaimbwa harusini. Ukilituma kwa *Mambo Leo*, gazeti la kila mwezi lililoanza 1923, huenda likachapwa, na watu wa Lindi na Tabora watalisoma na kulijibu. Utapata sifa, na sifa ni tamu, lakini mwenye nyumba hapokei sifa mwisho wa mwezi. Kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na Mwafrika, kikachapwa, kikauzwa, kikamlisha mtunzi wake? Hakikuwapo. Kwa hiyo akachukua kalamu ya serikali mchana, na kalamu yake mwenyewe akaiwekea saa nyingine.

Sikuwepo, wala sitawadanganya kwamba nilimwona akiandika kwa mwanga wa kandili. Lakini miaka inajisema yenyewe. *Utenzi wa Hati* aliomtungia bintiye na *Utenzi wa Adili* aliomtungia mwanawe ni kazi za mtu aliyekuwa na ofisi ya kwenda kesho yake. *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, ule mrefu unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945 ubeti kwa ubeti, mizani nane kwa kila kipande, ni kazi ya mtu mwenye ofisi. *Pambo la Lugha* lilichapwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand miaka ya 1940, na *Kusadikika* ikatoka 1951. Wakati wote huo alikuwa mtumishi wa serikali.

Hapa ndipo nataka mtulie kidogo. Tukisikia habari ya mtu mwenye kipaji aliyeshinda ofisini, wengi wetu husikitika: masikini, alipotezewa muda! Mimi nasikitika nusu tu. Mshahara ule ulilisha watoto, ndiyo, na ulinunua karatasi, wino na stempu. Ila ulimpa pia kitu ambacho watu hawakihesabu. Ulimwezesha kungoja.

Fikirini mswada unatoka Pangani kwenda Afrika Kusini kwa posta. Barua ya majibu inachukua muda wake. Halafu masahihisho. Halafu kimya. Halafu kitabu kinachapwa, na fedha zinakuja baadaye, kidogo, au haziji. Ziko barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, ambazo baadaye zilikusanywa zikawa kitabu; humo utamwona mtu wa familia mwenye mambo ya nyumbani, mambo ya afya, na mambo ya miswada na wachapishaji. Mwenye njaa hangoji mchapishaji. Mwenye njaa atatunga shairi la kumsifu tajiri wa mtaa kwa sababu tajiri analipa leo. Karani hakulazimika kumsifu mtu yeyote ili ale. Mashairi yake yangeweza kukaa mezani hadi yaive.

Msidhani ninauremba ukarani. Mishahara ya serikali ya kikoloni ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama Mwafrika huyo ndiye aliyejua kazi. Karani Mwafrika angeweza kuzeeka kwenye kiti kilekile akimfundisha kazi kijana aliyeletwa kuwa bosi wake. Na kulikuwa na bei nyingine. Mtu anayelipwa na serikali hawezi kuandika waziwazi kwamba serikali inadhulumu. Mnakumbuka Kusadikika iko wapi? Iko angani! Nchi nzima inaning'inia hewani, na humo kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha watu sheria, mshtaki wake akiwa waziri anayeitwa Majivuno. Walimu wenu watawaambia hiyo ni istiari, na ni kweli. Mimi naongeza kwamba ni istiari ya mtu ambaye cheki yake ya mshahara ilisainiwa na walewale aliokuwa akiwasema. Alitafuta njia ya kuuzunguka mshahara huo, na njia yenyewe ikawa ndiyo uzuri wa kitabu.

Naona mkono umenyooka. Sema, mwanangu.

“Mbaraka Mwinshehe je?”

Swali zuri, na nilikuwa nalisubiri. Mbaraka alizaliwa 1944, upande wa Kisarawe, akasoma hadi sekondari kule Mzumbe, Morogoro. Kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Angeweza kuwa karani mzuri sana, au zaidi ya karani, kwa sababu nchi ilikuwa imetoka kupata uhuru na watu waliosoma walitafutwa kama dawa. Akaacha shule akaenda kupiga gitaa. Akajiunga na Morogoro Jazz, na mwaka 1970 bendi ile ikaenda mpaka Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Wazee wenu wakisikia wimbo wake “Shida” hadi leo wananyamaza kwanza ndipo waendelee na maongezi. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari huko Kenya, karibu na Mombasa. Alikuwa na miaka 34.

Angefuata ushauri wa busara, tusingekuwa na Mbaraka. Nalikubali hilo bila kupepesa macho. Msanii wa gitaa namna ile hapatikani kwa mazoezi ya Jumamosi jioni. Dansi la enzi hizo lilipigwa usiku kucha, mji huu leo, mji ule kesho, na mwenye ofisi ya saa moja na nusu asubuhi asingeweza.

Lakini swali lako lina upande wa pili ambao hujauliza. Je, wale wengine? Mbaraka hakuwa kijana pekee aliyeacha shule akachukua gitaa miaka ya sitini. Kila mji wa reli ulikuwa na bendi, na kila bendi ilikuwa na vijana. Wale ambao sauti zao hazikufika redioni hatuna majina yao, na kwa kuwa hatuna majina yao, hawaji kwenye mahafali yenu kuwahutubia. Anayekuja kuwahutubia ni yule aliyefanikiwa. Anasimama pale na miwani yake anasema “fuata moyo wako”, na ukumbi unapiga makofi. Hasemi uongo. Anasimulia yaliyompata yeye.

Kuna jambo jingine kuhusu wanamuziki wa Tanzania ambalo vijana wengi hawalijui, na mimi nalipenda kuliko habari ya Mbaraka. Wengi wao walikuwa waajiriwa! Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wapiga magitaa na waimbaji wakawa wanapokea mshahara wa mwezi kama makarani. Bendi hiyo baadaye ikaitwa JUWATA, na leo mnaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, kikawa na Urafiki Jazz tangu 1970, na nyimbo zake nyingine zilisifu khanga na vitenge vya kiwanda. Polisi walikuwa na bendi. JKT walikuwa na Kimulimuli. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam ilikuwa na UDA Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Vijana wa chama, Vijana Jazz. Hebu fikirini, bima wanapiga dansi!

Kwa nini ilikuwa hivyo? Vyombo. Magitaa ya umeme, ngoma, saksafoni, vipaza sauti na mashine zake vilitoka nje, viligharimu fedha za kigeni, na kijana wa Kigogo au Magomeni asingeweza kuvinunua hata akiuza shamba la babu yake. Shirika likanunua, shirika likamiliki, mwanamuziki akaajiriwa kuvipiga. Ukigombana na uongozi ukahamia bendi nyingine, gitaa unaliacha. Ndiyo maana wanamuziki wa enzi zile walihamahama sana, na ndiyo maana bendi mpya iliyopata vyombo vizuri iliweza kuzoa waimbaji wa bendi nzima kwa usiku mmoja.

Utaratibu huo ulikuwa na raha yake. Mtu alifanya anachokipenda, na mwisho wa mwezi kulikuwa na kitu mfukoni. Ila ulimtegemea mtu mmoja: mwajiri. Mashirika ya umma yalipoanza kuyumba miaka ya themanini, kisha kuuzwa na kufungwa miaka ya tisini, nani alikuwa wa kwanza kupunguzwa? Si mhasibu. Na nyimbo zenyewe zilikuwa zimeshapigwa redioni miaka na miaka kabla sheria ya sasa ya hakimiliki haijapitishwa, mwaka 1999. Wapo waimbaji ambao sauti zao mnazisikia kila wiki kwenye vipindi vya zilipendwa, na uzee wao ulikuwa wa kuhangaika na nauli ya kwenda hospitali.

Basi tunao watu wa namna tatu hapa. Karani aliyeficha kalamu yake mfuko wa pili. Mpiga gitaa aliyeacha vyote. Na mwanamuziki wa mshahara. Wa nne yupo, na huyu ni wa Unguja. Haji Gora Haji, aliyefariki mwaka 2021, alitoka kisiwa cha Tumbatu. Alivua samaki, alisafiri na majahazi, alibeba mizigo bandarini. Darasa lake lilikuwa chuo cha Kurani na bahari. Msome uone jinsi bahari ilivyojaa katika diwani yake, *Kimbunga*. Wa shuleni tunaziita tamathali za usemi. Kwake yeye tanga kuchanika lilikuwa tukio la siku ya Jumanne. Hapo kazi haikukipisha kipaji kando, ilikilisha. Na mwenzake wa kisiwani, Muhammed Said Abdulla, kabla ya kuwa mhariri na kabla ya kumbuni mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mkaguzi wa afya. Kazi ya mkaguzi wa afya ni kuingia nyumba za watu, kutazama nyuma ya mtungi, kuuliza maswali yasiyopendeza na kutoamini jibu la kwanza. Sitaki kusema mengi. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 na 1958, nanyi mkisoma mtaona mwandishi anajua vyema jinsi ya kuingia nyumba ya mtu.

Sasa tuje kwenu.

Mko kidato cha nne, au cha sita, fomu ya kuchagua masomo iko mezani. Baba anataka udaktari. Mama anataka ualimu kwa sababu “una pensheni”. Wewe unataka kuchora, au kuimba, au kutengeneza filamu, au kucheza mpira. Mnagombana. Na kila upande una methali zake.

Kwanza niwatetee wazee, kwa sababu nimeshakuwa wa upande wao. Mzazi anayekwambia usome uhasibu hachukii michoro yako. Aliona jirani akifukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Lakini wazee nao ramani yao ni ya zamani. Kazi waliyoiona kuwa salama, ile ya kukaa mezani na muhuri, ndiyo hiyo mashine zinaifanya sasa, na wapo vijana wenye shahada tatu mtaani wanaotafuta meza hiyo. Wakati huohuo fundi wa viyoyozi mjini Dar es Salaam haonekani kwa simu mwezi wa Januari, ana wateja mpaka anachagua. Aliyesomea chuo cha ufundi umeme wa magari anakula vizuri kuliko binamu yake mwenye tai. Kwa hiyo mzazi akisema “kazi ya maana”, muulizeni kwa adabu: ya maana mwaka gani?

Nikiwa mkali zaidi nitakuwa mkali kwenu. Chukueni nyumba moja, iwe Mbagala, iwe Kisauni, haidhuru. Kijana wa kiume ana kipaji cha kuimba, kweli anacho. Anahitaji fedha ya studio, fedha ya video, viatu vya kwenye video, bando la kupakia video. Dada yake anaamka saa kumi usiku kuchoma vitumbua. Fedha ya studio inatoka wapi? Kwenye ule mkebe wa vitumbua. Kijana anasema “napigania ndoto yangu”, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumuuliza dada alikuwa anataka kuwa nani. Alitaka kujifunza ushonaji. Cherehani ingenunuliwa kwa fedha ya video moja.

Ndiyo maana mtu akiniambia anafuata moyo wake, simtazami yeye peke yake. Natazama na nani yuko nyuma yake amebeba ndoo. Kama ni baba tajiri aliyeridhia, haya, aende na Mungu amjalie. Kama ni yeye mwenyewe, kwa kazi ya mchana, vizuri sana. Kama ni mtu ambaye hakuulizwa, hapo tuna neno.

Halafu vipaji havifanani, na hili ndilo washauri wengi hulipita haraka. Kuna vinavyongoja na kuna visivyongoja. Shairi linangoja. Ukilianza una miaka ishirini ukalimaliza una miaka arobaini, huenda likawa bora. Mpira haungoji. Goti la mchezaji halina miaka 34 ya kukaa forodhani. Mwenye mguu wa kweli akipata nafasi ya akademi ana miaka 15, wazazi wakae chini wazungumze leo, si baada ya chuo, na wahakikishe tu shule haikatiki kabisa, maana goti nalo huvunjika. Udaktari nao haungoji kwa namna yake: hakuna mtu anayepasua wagonjwa jioni baada ya kazi. Anayeupenda lazima aufanye kuwa kazi yenyewe. Kwa hiyo kabla hujaambiwa “fanya kazi ya maana, kipaji baadaye”, jiulize kipaji chako ni cha aina gani.

Na kazi za mshahara hazifanani pia. Hapa narudi kidogo kwenye lile daftari la mistari myekundu. Kazi ya forodha ilikuwa ngumu, ila ilikuwa na tabia moja njema: ilikwisha. Hesabu ikilingana, daftari hufungwa, na kichwa cha karani kinakuwa chake. Kuna kazi zisizokwisha. Mwalimu mwenye madarasa ya wanafunzi tisini anarudi nyumbani na mafurushi ya madaftari. Nesi wa zamu analala mchana akiamka amechoka vilevile. Dereva wa malori ya Tunduma na Lubumbashi ana muda mwingi wa kufikiri na hana meza ya kuandikia. Na siku hizi hata kazi iliyokwisha zamani haikwishi: bosi amekuweka kwenye kundi la WhatsApp, saa tatu usiku anauliza “ripoti iko wapi?”, na shairi lililokuwa linakuja linageuza njia.

Mtu anayetafuta kazi huuliza mshahara ni kiasi gani. Ninyi wenye kitu kingine moyoni mna swali la pili la kuuliza, na msimuulize mwajiri, muulizeni aliyemo ndani ya kazi hiyo tayari: ukifika nyumbani, unabaki na nini? Mikono yako inatetemeka? Kichwa kinafanya kazi? Mara ya mwisho kusoma kitabu kisicho cha kazi ilikuwa lini? Akicheka tu bila kujibu, mmeshajibiwa. Mimi ningemshauri mpenda maandishi achukue kazi yenye mshahara mdogo kidogo inayokwisha saa kumi, kuliko yenye mshahara mnono inayomfuata kitandani. Mwingine atabisha, na ana haki, hasa akiwa na wadogo watano wa kusomesha.

Mtaniuliza, na karani wetu mwenyewe aliwaza nini juu ya haya yote? Hakutuachia barua ya ushauri kwa watahiniwa wa kidato cha nne. Lakini alituachia *Utubora Mkulima*, kitabu kilichotoka 1968, miaka sita baada ya kifo chake. Utubora ni mtu wa ofisini, ana mshahara mzuri, mwajiri anamheshimu. Siku moja anaacha kazi. Anakwenda kijijini Busutamu kushika jembe, kwa sababu ndiko moyo wake uliko, na mwandishi anampenda kwa hilo kurasa nzima. Mtu aliyemtuma Utubora shambani alikaa ofisini hadi 1960.

Wapo watakaosema alimpa mhusika wake uhuru ambao yeye mwenyewe aliuogopa. Mimi nadhani alikuwa amepiga hesabu tu, na hesabu ya mhusika wa kitabu ni nyepesi kuliko ya baba wa watoto. Kitabu hicho kiko maktaba. Kisomeni kabla ya Ijumaa, na mkikisoma, acheni kwanza maudhui na dhamira. Angalieni Utubora alikula nini kati ya siku aliyoacha kazi na mavuno ya kwanza. Kama mtaona kitabu hakisemi vya kutosha, mje mniambie kwa nini.